Ndugu Niliyesema Simjui

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Ruth,

Habari ya sabuni, ya blanketi, ya kutolala na nywele mbichi na ya kutomwazima mtu viatu, mama yako ameshakuambia, tena mara tatu. Sina la kuongeza. Sasa hivi nyinyi wawili mmekwenda kuwaaga watu wa kanisa, nami nimebaki nyumbani kwa kusema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu. Nimefunga mlango, nimeshusha pazia, na kila ninaposikia mtu akipita hapo nje ninainua kalamu mpaka nyayo zake ziishe.

Najua utacheka. Umenicheka tangu tuhamie mji huu: baba anayeuliza "nani?" mara mbili hata akiitambua sauti yako, baba ambaye jirani wa miaka minne hajui alizaliwa wapi. Kesho unapanda gari la moshi kwenda chuo cha ualimu, na sitaki uondoke na kicheko hicho bila kujua kilicho chini yake.

Barua hii siitii posta, kwa sababu barua za posta hufunguliwa. Nitakupa mkononi stesheni, mama yako akiwa anahesabu mizigo. Usiisome behewani watu wakiwa wamekukalia bega kwa bega. Isome ukiwa peke yako.

Neno la kwanza nimelizunguka wiki tatu nzima, na ni hili: baba yako mkubwa Karanja hakufa. Yuko Limuru. Nilikudanganya.

Najua unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi tulipokuwa Mau Narok, na mtoto wa miaka kumi hamsahau mtu aliyembeba mabegani kwenda kutazama mashine ya kuvuna ngano. Nilikushika mikono jikoni nikakuambia, "Ukiulizwa, huna baba mkubwa." Ukauliza, "Amekufa?" Jibu rahisi lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni mwangu, nikalichukua. Nikasema ndiyo. Siku hiyo hiyo nikakuambia jina lako la nyumbani, Nyokabi, lisitajwe tena na mtu yeyote. Wewe ni Ruth basi. Hukulia. Ulianza tu kunitazama kwa jicho ambalo hujaliacha hadi leo, jicho la kupima kama ninasema kweli. Nilikufundisha mimi mwenyewe.

Nitakueleza mambo yalivyokuwa, tangu mwanzo, maana ulikua ukiyaona vipande vipande.

Babu yako Kimani alitoka Limuru akiwa kijana, akapanda Mau kutafuta malisho, akakaa na Wamaasai hadi wakamwozesha binti yao, Nasieku. Wakikuyu waliopita pale walimwita Nyokabi, yaani yule wa Ukabi, wa Umaasaini. Ndiye bibi yako, na kwake ndiko jina lako lilikotoka. Walizaa wavulana wawili. Wa kwanza akapewa jina la baba yake Kimani, Karanja. Wa pili, kwa desturi ya Wakikuyu, akapewa jina la baba wa mama yake, na huyo alikuwa Mmaasai, Sankale. Basi nyumba moja, mkeka mmoja, watoto wawili: ukituita kwa majina ungedhani tumetoka pande mbili za dunia. Na baba tulisema Kikuyu, na mama Kimaasai, na sisi wenyewe tulichanganya kiasi cha kupigwa na wote wawili.

Halafu wazungu wakapiga waya. Boma letu likawa upande wa mashamba yao, la mjomba Parsaloi likawa upande wa Wamaasai, na kati yao ni mwendo wa mtu kuitwa akasikia. Asubuhi baba alikuwa mwenye ng'ombe. Jioni alikuwa mtu wa shamba la bwana fulani, anayeruhusiwa kukaa akifanya kazi. Hakuhama hata hatua moja.

Pesa za shule zilitosha mtoto mmoja. Karanja ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyekuwa na akili za hesabu, mimi nakuambia. Lakini alisema, "Huyu ni mvivu, ng'ombe watampotea. Heri aende yeye shule." Akachunga ng'ombe wote, wake na wangu, miaka saba, ili mimi nijue kusoma. Nilirudi kutoka misheni na viatu na mwandiko. Bwana wa shamba letu, yule mlima ngano, akanifanya karani wa shamba. Nilipima posho, niliandika maziwa, niliandika watu. Mwandiko wangu ulisifiwa mpaka mashamba ya jirani, hasa herufi S, niliyoizungushia mkia kama wa nyani. Karanja, ambaye hajui kusoma, aliupenda mwandiko ule kuliko mimi. Alipotaka kumwoa Wambui, mimi ndiye niliyemwandikia barua za posa, naye alikuwa akisimama nyuma yangu akisema, "Ongeza mikia."

Hali ya Hatari ilipotangazwa, mwanzoni tulidhani ni mambo ya Nairobi na ya msituni. Baadaye ikaja amri: Wakikuyu wote walioko mashambani waandikwe upya, wachunguzwe, na wengi warudishwe rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, hata wale ambao rizavu hawajawahi kuiona kwa macho. Malori yakaanza kupita barabara ya juu, yamejaa watu wamekalia magodoro yao.

Nilimfuata Karanja alipokuwa akipasua kuni nyuma ya zizi. Nilimwambia twende wote wawili kwa mjomba, atukubali kuwa watoto wake, tuandikwe Wamaasai.

Hakuacha kupasua. "Nenda wewe," akasema. "Jina unalo, lugha unayo, mke wako ni Mmaasai wa kweli. Mimi nikisema ni Mmaasai hata punda watacheka."

"Nusu yetu ni ya mama. Si uongo."

"Si uongo, ni kweli. Lakini mimi ni kifungua mimba wa Kimani. Nikimkana mimi, amebaki na nani?" Ndipo akaweka shoka chini. "Wewe nenda, Sankale. Una mtoto anayesoma. Usinitafute mpaka mambo yapoe, na mimi sitakutafuta."

Nilikwenda. Mjomba Parsaloi alisimama mbele ya meza ya ofisi, akaweka mkono kichwani pangu, akasema huyu ni mwanangu wa kumzaa. Nikapewa kipande kipya cha kujitambulisha: Sankale ole Parsaloi, Mmaasai. Nilirudi shambani kuendelea na ukarani, na yule bwana wa ngano, aliyenihitaji, hakuuliza kitu. Tangu siku hiyo nikiona watu wawili wamesimama wakiongea, nilijua wananiongelea mimi.

Haikupita miezi miwili, wakaja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Ofisa kijana wa kizungu alikuwa ameketi ndani ya ghala la ngano, na mkalimani pembeni, na mbele yake kitu kimefunikwa kwa gazeti. Nikaitwa.

"Wewe kabila gani?"

"Mmaasai, bwana."

"Baba yako?"

"Parsaloi."

"Una ndugu?"

Hakuna aliyekuwa ameulizwa hivyo. Nilikuwa nimewauliza waliotoka ndani kabla yangu. Walikuwa wameulizwa habari ya viapo vya kupigana na wazungu, na ya wapiganaji wa msituni, na nani aliwaombea chakula. Mimi peke yangu niliulizwa ndugu. Nikasema sina.

Ofisa akasema kitu kwa Kiingereza, na askari wakamleta Karanja kutoka nyuma ya ghala. Alikuwa amefungwa mikono, shati limechanika begani. Mkalimani akamwuliza, "Unamjua huyu?"

Alinitazama. Mwanangu, alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kufunga kamba za kiatu kimoja. Kisha akatema mate pembeni.

"Simjui. Namwona tu. Huyu ni Mmaasai wa ng'ambo ya waya, karani wa bwana. Ananipimia posho kila Jumamosi, na kila Jumamosi ananipunja."

Askari wakacheka. Hata mkalimani akacheka, na alipomtafsiria ofisa, ofisa naye akatabasamu, akaandika kitu kifupi.

"Na wewe?" mkalimani akanigeukia. "Unamjua huyu?"

"Simjui," nikasema.

Yeye alisema simjui akiwa amefungwa mikono. Mimi nilisema simjui mikono yangu ikiwa huru, imeshika kalamu. Walimpandisha lori na Wambui na magodoro yao. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ghala, na kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kuwafuta majina waliopanda. Nililifuta lake kama mengine.

Unaweza kudhani kwamba baada ya hapo nilimshukuru kila nilipoamka. Ndivyo ingalipaswa. Lakini lile swali, "una ndugu?", liliniingia kama funza kwenye kidole. Nani alikuwa amewaambia? Mtu alisema. Lazima kuna mtu alisema.

Kwanza nilimshuku Chumo, yule nyapara Mkipsigis aliyekuwa akikuletea maziwa ulipougua surua. Kwa nini analeta maziwa? nilijiuliza. Anataka kuona nini ndani ya nyumba yangu? Nikaacha kuitika salamu yake. Miezi mitatu mzee huyo ananisalimia, mimi napita. Siku moja alinizuia njiani akasema, "Karani, nimekukosea nini?"

"Wewe unajua," nikamwambia.

"Haki ya Mungu sijui."

"Basi kama hujui, hujui."

Alihamia Molo kwa mwanawe. Sijamwona tena.

Chumo alipoondoka, shaka haikuondoka naye. Ilitafuta mtu mwingine, na aliyebaki alikuwa Karanja mwenyewe. Nilianza kuifikiri asubuhi ile upya. Labda alipopigwa nyuma ya ghala alinitaja, halafu uso kwa uso akaona haya. Labda lile neno la posho lilikuwa uchungu wa kweli. Tangu utotoni nilikuwa na viatu, yeye hana. Je, mtu anaweza kumchungia mwenzake ng'ombe miaka saba asiweke kinyongo? Nilimtengenezea kosa lake kidogo kidogo, na kila siku liliingia vizuri zaidi mahali pake. Usishangae. Akili ikiwa na hofu hufanya kazi kwa bidii sana.

Tukahamia Nakuru. Nilipata kazi katika ofisi moja ya serikali, kwenye chumba cha mafaili, kwa sababu nilikuwa Mmaasai mwenye mwandiko na Wakikuyu walikuwa hawaaminiki. Ulikuwa na miaka kumi na tatu barua ilipofika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena. Ndani palikuwa na mwandiko wa mtu nisiyemjua, maneno machache: Karanja yuko kambini kizuizini, kesi yake inatazamwa upya, wanataka mtu wa huko mashambani aliyemjua aseme alikuwa mfanyakazi mwema asiye na makosa. "Andika kama karani wa zamani wa shamba, si kama kitu kingine. Mistari miwili inatosha."

Mama yako aliisoma begani pangu. Akasema, "Kaa chini uandike."

"Ni mtego."

"Mtego wa nani?"

"Karanja hajui kuandika. Ni nani huyu aliyeandika? Wanataka kuona kama nitamjibu. Nikimjibu nimesema namjua. Nilisema simjui, imeandikwa mahali."

"Mume wangu, ameomba mistari miwili."

"Wewe huelewi mambo ya karatasi."

"Sielewi karatasi," akasema. "Namwelewa Karanja."

Niliitia jikoni ndani ya makaa, mbele yake. Hakunisemesha hadi Jumapili iliyofuata. Na mimi, kwa aibu, nikaanza kumshuku hata yeye: kwa nini anamtetea hivyo? Nimefika mpaka hapo, mwanangu. Nataka ujue nilifika mpaka hapo.

Karanja alikaa kambini miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo Wambui alikuwa peke yake katika kijiji kipya walichojengewa huko Limuru, akienda kazi ya lazima asubuhi na kurudi jioni. Aliugua kifua. Habari tulizipata kwa mwanamke aliyekuwa akileta kabichi sokoni kutoka Limuru. Alimwambia mama yako kama habari ya kawaida, bila kujua anamwambia nani. Wambui alikufa, akazikwa na majirani. Mumewe hakuwepo. Sijui kama mistari miwili ingemrudisha nyumbani kwa wakati. Huenda isingefanya kitu. Lakini sikuiandika, kwa hiyo sitajua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu.

Mwaka jana, ofisini, tuliletewa masanduku ya vitabu vya zamani vya mashamba, vilivyochukuliwa wakati wa uchunguzi, tuvipange au tuvitenge vya kuchomwa. Nilikuwa nafanya kazi yangu kama siku zote. Nikavuta kitabu kimoja chenye jalada la kijani lililochanika kona, na kabla sijakifungua nikajua ninakijua. Kilikuwa rejista ya wafanyakazi ya shamba letu. Miaka mingi kabla ya Hali ya Hatari, yule bwana wa ngano alikuwa ametaka watu wote waandikwe, jina, baba, mama, kabila, ndugu walioko shambani. Hakuhitaji mambo mengi hivyo. Ni mimi niliyependekeza safu ya ndugu, nikapiga mistari kwa rula, kwa sababu nilitaka aone ninavyoweza kazi.

Nikafungua. Karanja, mtoto wa Kimani na Nasieku, Mkikuyu, ndugu yake Sankale. Chini yake: Sankale, mtoto wa Kimani na Nasieku, Mkikuyu, ndugu yake Karanja. S zangu zina mikia. Na mtu alikuwa amepitisha kalamu nyekundu kutoka jina moja hadi lingine, akaweka alama ya kuuliza.

Hicho ndicho kilichokuwa chini ya gazeti.

Nilikaa sakafuni pale kati ya masanduku. Mwenzangu aliniuliza kama ni joto. Chumo hakusema. Karanja hakusema. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtafuta msaliti katika kila uso ulionitazama, naye alikuwa ni kijana mmoja aliyetaka kusifiwa mwandiko. Nakuambia hivi kwa sababu utakuwa mwalimu, na utaandika majina ya watoto wa watu. Andika unachohitaji. Kile usichokihitaji, wewe hujui kitasomwa na nani, wala siku gani.

Niliomba ruhusa ya siku tatu nikasema mjomba anaumwa. Nikaenda Limuru. Kwenye gari la moshi nilionyesha kipande changu cha Kimaasai mara nne. Karanja alikuwa ameachiliwa kama miezi minane nyuma. Nilimkuta akisimamisha nguzo za ua, nywele nyeupe tupu. Ana miaka mitano tu zaidi yangu.

Hakuniita ndani. Hakunifukuza pia. Alinipa upande mmoja wa nguzo nishike.

Nikamwambia habari ya rejista. Nilianza mbali, nikajikwaa, nikarudi, mwisho nikasema: hakuna aliyetutaja, ni mimi niliyeandika.

"Kitabu nakijua," akasema.

"Unakijua vipi?"

"Walinionyesha asubuhi ile kabla ya kuniingiza ghalani. Ofisa alikiweka mbele yangu akaniuliza, majina haya ni yako na ya nani? Mimi sijui kusoma, lakini ile mikia yako naijua. Si ndiyo iliyonipatia Wambui?"

Nguzo ilinilemea. "Kwa hiyo uliposema hunijui, ulikuwa umeshajua ni mimi niliyeandika?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema simjui."

"Ulitaka niseme nini?" Akashindilia udongo kwa mguu. "Niliwaambia karani aliandika upuuzi, alikuwa akijaza kitabu tu apate sifa. Walipoona unapunja watu posho, wakaamini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikamwambia habari ya barua, kwamba ilifika, kwamba niliisoma, kwamba niliichoma. Sikutaja hofu wala mtego. Nilikuwa nimepanga kuvitaja, lakini pale mbele yake niliona ni maneno ya kujifunika.

Aliishindilia nguzo ile mpaka ikakaa imara, akasimamisha nyingine. Alifanya kazi kana kwamba sipo. Kisha akasema, "La kitabu limekwisha. Hilo la barua si langu kulisamehe. Mwenyewe yuko pale," akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Rudi kwako, Sankale. Gari la jioni halingoji."

Nilirudi. Mama yako nilimwambia yote. Wewe sikukuambia, nikasema una mitihani, halafu nikasema una majibu ya mitihani ya kungojea, halafu fomu ya chuo ikaja. Sasa unajua kwa nini fomu hiyo imekaa kwangu wiki tatu. Jana ulisema, "Baba, ni mistari mitatu tu: jina la baba, kabila, alikozaliwa." Nimejaza mengine yote. Hiyo mitatu nimeiacha; fomu utaikuta ndani ya bahasha hii. Kuna watu watakaokuambia hatari imekwisha, na kuna wengine watakaokuambia haijaisha, na mimi siwaamini wote wawili. Jina la ole Parsaloi litakupitisha kila mlango, na mjomba alilitoa kwa moyo, usilidharau. Jina la Kimani ni la kweli, na huko uendako linaweza kukufungulia watu au kukufungia. Nilikuwa nikiamua mambo haya kwa ajili yako tangu una miaka kumi, na umeona nilivyoamua. Kalamu unayo.

Limebaki moja. Chuo chako kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwa Karanja. Mwezi uliopita nilimtumia salamu kwa yule mwanamke wa kabichi, nikamwambia amwambie tu kwamba mtoto anakuja kusoma huko, basi, sikuomba kitu. Alhamisi alirudi na jibu. Nilimfanya alirudie mara tatu, nikamhoji kama askari: alisema hivyo hivyo? alikuwa amesimama au ameketi? palikuwa na mtu mwingine? Mama wa watu akachoka nami.

Jibu lenyewe ni hili: "Nyokabi aje. Likizo zake zote ni za hapa. Baba yake asije naye. Siku nikimtaka nitamwita."

Tangu Alhamisi nimelipindua neno hilo nikitafuta kilichofichwa ndani yake. Ndivyo nilivyo, sidhani nitapona. Nimetafuta hasira, nimetafuta kisasi, nimejiuliza kama anataka kukuambia kwanza kwa namna yake kabla sijakuambia kwa namna yangu. Sikuona kitu. Ni mtu anayemwalika mtoto wa ndugu yake, basi.

Kwa hiyo nenda. Jumamosi ya kwanza utakayoruhusiwa, nenda. Usimpelekee salamu zangu, na usiniombee msamaha. Ukiniombea utamfanya achague kati ya kukukatalia wewe na kumsahau Wambui, na amekwisha kuchagua vya kutosha kwa ajili yetu. Kula atakachokupa. Msaidie kuni. Akikuuliza nini baba yako alikuambia, mwambie yote, na ya barua usiyapunguze. Na akitaka kuniita, hata ikiwa ni baada ya miaka, hata ikiwa nimezeeka siwezi kupanda gari la moshi peke yangu, wewe niandikie neno moja tu, "njoo," nami nitaliamini.

Naona mnakuja, nasikia sauti ya mama yako kwenye kona. Nafungua mlango kabla hamjabisha.

Babako